Safi ya Mahakama

Ukitaka kuona watu wa kila aina, simama kwenye korido ya mahakama Jumatatu asubuhi. Mawakili wanapishana na majoho mikononi, wadai wanatafuta vyumba vyao, huyu analia kwenye simu, yule anacheka. Katikati ya vurugu hiyo alisimama mwanamume mrefu, kavaa ovaroli ya buluu iliyopigwa pasi, mkononi ana ndoo tupu, na ananukia sabuni kama dobi.

"Namtafuta dalali wa mahakama," alisema, kwa sauti ya mtu aliyezoea kushindana na injini.

"Umempata," alijibu mwanamke aliyekuwa akibandika tangazo ubaoni. Alivaa gauni la kijani lililomkaa sawasawa, na miwani kaisukumia kichwani. "Ndoo ya nini?"

"Sabuni imetuishia. Mahakama itupe nyingine."

"Sabuni? Mahakama?"

"Si wewe uliyetangaza kwamba ile meli iliyokamatwa itauzwa safi? Mimi ndiye fundi mkuu wa mitambo. Tangu Ijumaa tunapiga deki, mimi na mabaharia wangu. Tumesugua mpaka chumba cha injini!"

Dalali alicheka mpaka miwani ikamshukia puani. Watu wakageuka.

"Chifu wangu, pole! Meli ikiuzwa na mahakama huuzwa safi, yaani bila madeni yake ya zamani. Anayeinunua hadaiwi madeni ya tajiri wa kwanza, yule mwenye meli. Sabuni haimo."

"Kwa hiyo tumevunjika migongo bure?"

"Si bure. Wanunuzi wakija kuikagua wataona inang'aa."

Alimwita Chifu kwa utani, kama mabaharia wanavyowaita mafundi wakuu, na jina likabaki. Tajiri wa ile meli alikuwa ametoweka, akawaacha watu wake melini bila mshahara. Aliyewauzia mafuta, naye hakulipwa, akaenda kwa jaji, jaji akaamuru meli izuiliwe, kisha iuzwe. Mwingine angenuna. Chifu yeye alikuwa na maswali, na kila siku alikuja nayo ofisini kwa Dalali.

"Sasa yule aliyekopesha fedha akaishika meli rehani, haki yake inakwenda wapi?"

"Inahama. Inatoka kwenye chuma, inaingia kwenye fedha za mauzo. Wadai wote wanapanga foleni mbele ya jaji. Nyinyi wa mishahara mko karibu na mbele."

"Na kila nchi iko hivyo?"

"Ingekuwa hivyo ningekosa kazi! Kuna nchi wananadi hadharani, kwingine bei zinaletwa kwenye bahasha zilizofungwa. Kuna nchi rehani inafutika meli ikishauzwa tu. Kwingine, mkopeshaji akisema hakuarifiwa, anaweza kuifuata meli bandari nyingine na kuikamata tena."

"Kumbe! Huku mpya, kule bado ya zamani?"

"Hasa. Na daftari la meli la nchi ya bendera yake, kule ilikoandikishwa, likikataa kuifuta, nchi mpya haiwezi kuiandika. Inabaki hapo katikati, haina kwao."

Chifu alimtazama kwa macho ya mtu aliyesahau alichokuja kuuliza. Naye Dalali, aliyejifanya anapanga karatasi, alizipanga kichwa chini.

Simu zikaanza kulia nyumbani. Shangazi yake Dalali, aliyekaa naye, hakuwa na siri. "Huyo wa mabomba kapiga tena!" alipaza sauti kutoka jikoni. "Anauliza eti meli ikizama katikati ya mnada, hasara ya nani. Mwanamume gani anaposa hivyo?"

"Hajaposa, shangazi."

"Basi anauliza njia."

Meli ikauzwa, na mnunuzi akamwomba Chifu abaki nayo. Jioni hiyo walikaa mkahawani, yeye na shati jeupe, Dalali na hereni ndogo alizokuwa hazivai kazini.

"Mpenzi," Chifu alisema, "hata mimi ni safi. Mke tuliachana miaka mingi iliyopita, kule nilikokuwa nikifanya kazi. Mahakama yao ikatoa hukumu. Sina ninayedaiwa."

Moyo wa Dalali ulimruka kwa furaha. Na hapo hapo simu ya Chifu, iliyolala mezani, ikaanza kulia. Kiooni paliandikwa: Mke Wangu.

Jamani, wanaume! Mtu unaachana na mke, jina lake huachani nalo!

"Pokea," alisema Dalali.

"Ni yule wa zamani. Huwa sipokei. Anataka ugomvi tu."

"Ile hukumu ya ugenini, uliipeleka kwenu ikasajiliwa?"

Chifu aliigeuza simu kifudifudi. "Nilikusudia. Kisha nikapata safari..."

"Kwa hiyo kwenu wewe bado ni mume wa mtu."

"Karatasi tu, mpenzi!"

"Usiniite mpenzi." Dalali alisimama. "Nilishawahi kuchumbiwa na mtu mwenye mke. Niligundua wakati nguo ya harusi imeshashonwa. Niliapa sitarudia. Sitaki kuwa mke huku, kimada kule."

Akachukua mkoba wake, akaondoka. Chai yake hakuigusa.

Chifu alipiga simu mpaka ikawa moto. Shangazi ndiye aliyepokea. "Mwanangu, mimi nakupenda. Lakini yeye kasema hayupo, na mimi nimeambiwa niseme hayupo."

Basi na ile meli nayo ikagoma. Daftari la zamani lilikataa kuifuta mpaka mkopeshaji aridhike. Mabaharia wakamsimulia Chifu kwamba Dalali hapumziki: anapiga simu, anamsumbua wakili, anatuma nakala za hukumu, mpaka kule wakakubali kwamba mauzo ni halali. Chifu akaona haya. Mwanamke anahangaika hivi kwa ajili ya chuma cha watu, na yeye maisha yake mwenyewe kayaacha hewani!

Meli ikafutwa, ikaandikwa upya, ikang'oa nanga. Dalali alisikia honi yake akiwa ofisini. Hakutoka kuitazama. "Kaondoka bila hata kuaga," alimwambia shangazi kwa simu, akalia mchana kweupe, na waziwazi.

Hakujua kwamba Chifu aliikataa ile safari.

Wiki zikapita. Siku moja ikaingia simu ya namba ngeni.

"Halo, ni dada wa mahakamani?"

"Ndiye. Nani mwenzangu?"

"Mimi ndiye yule Mke Wangu wa kwenye simu."

Dalali alikaa chini bila kupenda.

"Usiogope, dada. Mimi na huyo Chifu wako tumetoka mahakamani sasa hivi. Ile hukumu imesajiliwa. Si mke wake tena, huku wala kule. Miaka yote nampigia hapokei, anadhani nataka ugomvi. Mimi nataka kuolewa! Mchumba wangu kanisubiri mpaka mvi zimemtoka."

Dalali alijishika mdomo. Siku zote alijihurumia mwenyewe, hakuwaza kwamba kuna mwanamke mwingine aliyefungwa na uzembe uleule.

"Pole sana, dada yangu."

"Nimeshapoa. Yuko hapa, anaogopa kukupigia. Anataka kukuoa. Nimemwambia nitakuuliza mimi."

"Ngoja mimi nikuulize kwanza. Ana kasoro gani?"

"Wee! Anakoroma. Kukunja nguo hajui. Na jambo akilianza halimalizi. Ila hili kalimaliza. Kazunguka ofisi zote mwenyewe, na kila alipofika aliniomba radhi mbele za watu. Mpaka nikamwambia basi."

Dalali alifuta macho kwa kiganja. "Mpe simu."

"Mpenzi?" Ile sauti ya kushindana na injini ilikuwa imebaki nusu.

"Harusi ya huyo dada ni lini?"

"Mwezi ujao."

"Tutakwenda sote tukampe mkono. Ya kwetu itafuata."

"Yaani... umekubali?"

"Nimesema itafuata, Chifu. Au injini zimekuziba masikio?"

Dalali akasikia mwanamume analia upande wa pili, na mwanamke anamwambia afute machozi, watu wanaangalia.