Chumba cha Cherehani

Chupa ilikuwa bado imejaa, lakini mtoto alicheua maziwa.

Mshonaji alimfuta kidevu, akanusa kitambaa. Harufu ya maziwa ya kopo aliijua vizuri. Haya hayakuwa hayo. Yalikuwa mazito, yenye uvuguvugu wa mwili, yakinuka chuma kilicholowa. Akajiambia labda mama mkwe kampa kitu. Lakini hakuuliza. Angeulizaje, ilhali kwa mama mkwe chupa ile haikuwapo duniani?

Tangu ajifungue, maziwa yake yalitoka kwa matone. Chuchu zikapasuka, mtoto akalia mpaka sauti ikakauka. Mama mkwe alimpikia supu, akamkalia ubavuni, akamwambia, "Vumilia, mwanangu. Titi la mama li tamu hata likiwa la mbwa." Alimwambia kwa upole, na upole huo ndio uliomchoma. Matusi angeyajibu. Basi akanunua kopo kwa siri akalifukia chini ya kapu la vitambaa, chupa akaitia ndani ya droo ya cherehani. Mtoto akilia, alijifungia naye chumba cha kushonea, akakanyaga pedali taratibu ili mlio wa mashine umeze mlio wa chupa inayotikiswa.

"Namnyonyesha huku nashona, mama," alisema kupitia mlangoni.

Sasa mtoto alikuwa anaikataa chupa, na ananenepa.

Jirani waliyemwita Redio, kwa kuwa habari haikulala sikioni mwake, alikuja kumwona. Akamfinya mtoto mashavu. "Mwenzangu, una maziwa au una ng'ombe? Wenzio tunaomba, wewe unamwaga."

Mshonaji alitazama chini. Kweli ilimfika kwenye ulimi, akaimeza. "Namshukuru Mungu," akasema. "Ananyonya mpaka anaacha mwenyewe."

Sifa ile ilimwingia kama maji ya moto siku ya baridi, na papo hapo akajichukia kwa kuifurahia.

Sebuleni mumewe, fundi saa, alikuwa amejinyoosha mkekani kama kawaida yake baada ya chakula cha mchana, midomo ikimung'unya usingizini. Redio akamwonyesha kwa kidole. "Na huyu je? Ndevu zote hizo, bado hajaachishwa ziwa."

Mama mkwe hakucheka. "Ndivyo alivyo tangu utotoni," akasema, akaenda kuuvuta mlango wa sebuleni.

Siku zilizofuata mshonaji aliona jambo jingine. Gauni la mteja, alilokuwa ameliacha juu ya kiti mbele ya cherehani, lilikuwa na unyevu kifuani, duara mbili, kushoto na kulia. Akadhani ni yake, kwamba alilibana kifuani wakati akipima mishono, kwamba hatimaye yametoka. Akajiminya. Hakuna kitu. Akaligeuza gauni lile lisimtazame, maana aliona aibu hata mbele ya nguo.

Adhuhuri moja alikuwa uani akianika nepi. Mtoto kalala chumba cha kushonea, mama mkwe yuko jikoni anachambua mchele. Cherehani ikaanza kulia. Tik-tak, tik-tak, polepole, mwendo uleule wake.

Aliingia jikoni na beseni mkononi. Mama mkwe akainua uso, akamwona, na mchele ukammwagika mapajani.

"Kumbe uko hapa," akanong'ona.

"Niko hapa, mama."

"Basi ni nani anashona?"

Mshonaji akaenda, huku mama mkwe kamshika upindo kwa nyuma, na kila hatua ule mlio ukizidi kuwa wa upole, kama wa mtu anayembembeleza mtoto kwa mguu mmoja, na harufu ile ya chuma na maziwa ikiwajia koridoni mpaka ikakaa kwenye ulimi, na mlango aliousukuma kwa kidole ukafunguka bila kelele, akaliona gauni la mteja limeketi kitini, limejaa, lina mabega na mapaja na kifua kinachopanda na kushuka, halina shingo wala kichwa, na pindo lake linakanyaga pedali, na kwenye mkunjo wa mkono usio na kiganja mwanawe amelala macho wazi, ananyonya.

Mshonaji akataka kuruka amnyakue. Mama mkwe akambana kiuno.

"Usimpokonye, ataondoka naye. Amekaa juu ya neno lako. Litoe."

"Neno gani?"

"Unalijua. Niambie mimi, naye asikie."

Mshonaji alihisi uso unawaka. Hata pale, mwanawe akiwa mikononi mwa kitu kile, bado alitafuta uongo wa kumsitiri, akaona haya kwa kuutafuta.

"Sina maziwa," akasema. "Sikuwa nayo. Nampa ya kopo, mama. Chupa imo kwenye droo. Mtoto mnayemsifia sikumnenepesha mimi."

Pedali ikapunguza mwendo, ikasimama. Gauni likapumua mara moja, likalegea juu ya kiti kama nguo yoyote. Mtoto akabaki mapajani mwa kitambaa, akalia kilio cha njaa, chembamba.

Mshonaji alimkumbatia. Akasubiri kusemwa. Mama mkwe alifungua droo, akatoa chupa, akaenda kuchemsha maji, akachanganya maziwa mwenyewe, akadondoshea tone kwenye kifundo cha mkono kupima joto. Hakukosea hata hatua moja. Mtoto akanyonya kwa pupa.

"Mama," mshonaji akauliza polepole, "umejuaje la kufanya?"

Mama mkwe alikuwa ameangalia ukuta. "Aliyenizalisha aliniambia. Alinihimiza niseme."

"Ukasema?"

"Nilikuwa nasifiwa, mwanangu. Mtaa mzima ulikuwa unanisifia."

Kupitia mlango wa sebuleni uliobaki nusu wazi walimwona fundi saa mkekani, amelala chali, midomo inamung'unya, inavuta, inameza. Pembeni mwa mdomo tone jeupe lilikuwa linashuka kuelekea kwenye ndevu.

Mama mkwe akainuka, akalifuta haraka kwa pembe ya upindo, kama alivyozoea.