Maji Yaliyokataa Kupita

Kabla jua halijachomoza vizuri, Germaine alikuwa amekwisha kufagia uwanja wake. Alifagia kama mama yake alivyofagia kule kijijini Lukafu, kuanzia mlangoni kwenda nje, mpaka mistari ya ufagio ikaonekana mchangani. Mwanamke wa Lukafu akiamka na uwanja mchafu huchekwa mpaka siku ya kufa. Germaine hakutaka kuchekwa, hasa hapa mjini Élisabethville, ambako majirani wana macho mengi.

Mume wake, Stanislas, alikuwa akinywa chai kabla ya kwenda karakana ya reli. Mtoto wao, Régine, alikuwa bado amelala. Nyumbani mambo yote yalikuwa mazuri, isipokuwa mfereji.

Mfereji ule ulipita mbele ya nyumba zote za barabara yao. Kwingine maji yalitembea. Mbele ya nyumba ya Germaine, iliyokuwa ya mwisho huku bondeni, maji yalisimama. Yalikuwa meusi, yalinuka, na viluwiluwi vya mbu vilicheza ndani yake.

Bwana wa usafi, Mzungu mwenye kofia ngumu aliyekuja kukagua nyumba na mifereji, alikuwa amekwisha kuyaona. Aliteka maji kwa upawa mrefu, akayatazama, akakunja uso. Alimwambia Stanislas kwamba akirudi na kukuta maji bado yamesimama, atamfunga. Mtu wa reli akifungwa, kazi yake hupewa mwingine. Kazi ikienda, nyumba nayo huenda. Tangu siku ile Germaine hakulala vizuri.

"Ni Chanda," alisema. "Njo yeye anatupa bichafu. Niliona mizizi ya munkoyo mu maji."

Chanda alikuwa jirani yao wa upande wa juu. Alipika munkoyo, kinywaji kitamu cha mahindi na mizizi, akawauzia wafanyakazi.

"Ulimuona Chanda anatupa?" Stanislas akauliza.

"Niliona mizizi. Mizizi iko na miguu ya kutembea?"

Stanislas alicheka, ingawa haikuwa siku ya kucheka. "Basi enda ku konseye. Njo kazi yake."

Konseye, yaani diwani wa mtaa, alikuwa Bwana Liévin. Alikaa katika baraza la mji wa Waafrika na kupeleka maneno ya watu kwa wakubwa. Wengine walimwita sikio la Wazungu. Germaine hakuwahi kwenda kwake. Yeye alikuwa na njia yake mwenyewe. Jana yake tu alikuwa amechota ndoo ya yale maji meusi, akaimwaga mlangoni kwa Chanda. Wawili hao walipigiana kelele mpaka watoto wa barabara nzima wakaja kutazama. Na maji yalibaki palepale.

Kwa hiyo Germaine akajitanda kitenge, akaenda.

Alimkuta Bwana Liévin kwenye baraza ya nyumba yake akishona kiatu chake. Alimwambia yote, ya mizizi na ya kuogopa gereza. Alingoja amwite polisi. Alingoja angalau akasirike. Liévin aliweka kiatu chini, akauliza, "Mama, maji inatoka wapi? Na inaenda wapi?"

Germaine alishangaa. Swali gani hili? Akanyosha kidole kule barabara inakopanda. "Inatoka kule yulu. Inaenda... inaenda ku pori."

"Uliona fasi inapita?"

"Hapana."

"Miye pia sijue. Twende tuangalie. Na Mama Chanda atakuya nasi."

"Yeye? Juu ya nini?"

"Juu ukimusema pale yeye haiko, utasema mingi. Akiwa pale, utasema tu kile uliona."

Germaine hakupenda, lakini moyoni alianza kutaka kujua. Mtu huyu anatafuta nini?

Liévin hakuanzia kwa Germaine. Alipanda mpaka nyumba ya kwanza, ya seremala Léonard, akaomba vumbi la mbao. Akalimwaga mfereji ulipoanzia. Kisha akatembea polepole pamoja nalo, mikono nyuma, kama mtu anayemsindikiza mgeni. Germaine alitembea upande mmoja, Chanda upande mwingine. Hakuna aliyemtazama mwenzake.

Vumbi likapita kwa Léonard. Likapita kwa Chanda.

"Mizizi ni yangu," Chanda alisema mwenyewe. "Sikatae. Natupa mu mufereji siku mbele ya kukaguliwa, na maji inabeba. Bantu bote banafanya vile. Mama Delphine wa nyumba ile anafanya. Léonard pia."

"Inabeba kupeleka wapi?" Liévin akauliza.

Chanda akaelekeza mkono bondeni tu. Hakuwahi kuwaza hilo.

Vumbi likafika mbele ya nyumba ya Germaine, likazunguka mara mbili, likasimama. Hatua chache mbele yake palikuwa na bomba kubwa la saruji lililopitisha maji chini ya barabara. Liévin akaomba jembe, akakunja suruali, akaingia mferejini. Akaingiza jembe ndani ya bomba, akavuta. Yakatoka maganda ya mahindi. Yakatoka matambara na mizizi. Kisha jembe likakwama. Akavuta kwa nguvu, na nje ukatoka mkeka uliooza, wenye pindo jekundu. Nyuma yake maji yakaguna, yakaanza kutembea.

Germaine alihisi uso wake unawaka. Mkeka ule ulikuwa wake. Siku ya kukaguliwa aliusukuma ndani ya bomba kwa mti wa ufagio, ili bwana wa usafi asiuone. Chanda naye aliujua. Juu ya mkeka uleule alimpokea Régine siku alipozaliwa. Aliutazama mkeka, akamtazama Germaine. Nyani haoni kundule, na siku anayoliona, aibu yake ni kubwa.

"Ni wangu," Germaine alisema, kisha akamwita mwenzake dada: "Yaya Chanda, na ile maji ya jana... nilikosa. Unisamehe."

"Ilinuka sana, yaya," Chanda alijibu. Ghafla wote wawili wakacheka.

Liévin hakumkaripia mtu. "Mama, mukeka ya kuoza unapashwa kutupa wapi?"

"Kwetu Lukafu tunatupa nyuma ya nyumba."

"Na hapa?"

Germaine akageuka kutazama nyuma ya nyumba yake. Akaona mlango wa nyumba nyingine. Kumbe mjini nyuma ya nyumba yako ni mbele ya nyumba ya mwenzako.

Jioni Liévin aliwakusanya watu wa barabara ile. "Taka haina fasi, njo maana inalala mu mufereji," alisema. "Nitapeleka neno ku baraza. Nitaomba shimo ya taka na gari ya kuibeba."

Alikwenda, na alirudi na jibu. Wakubwa walikataa kutoa gari. Wengine wakanung'unika: kazi gani ya diwani hiyo?

"Kazi yangu ni kupeleka neno na kuleta jibu, hata kama jibu iko muchungu," Liévin alisema. "Gari nitaomba tena. Lakini ruhusa ya kuchimba shimo walitoa, mu kiwanja ya wazi kule mwisho. Kidole kimoja haiue chawa. Nani iko na jembe?"

Wanaume wakachimba. Wanawake wakapanga zamu za kuzibua mfereji, nyumba baada ya nyumba. Germaine na Chanda walichagua zamu moja.

Bwana wa usafi aliporudi, Stanislas alisimama mlangoni. Mzungu akatumbukiza upawa, akatazama. Hapakuwa na kiluwiluwi hata kimoja. Hakusifu mtu. Alikwenda zake tu.

Stanislas aliketi kizingitini kama aliyetua gunia. Furaha ilimrudishia njaa. Akatafuna hindi la kuchoma mpaka mwisho, halafu, bila kuwaza, akatupa gunzi mferejini.

"Weye Stanislas!" wanawake wawili walipaza sauti kwa pamoja, mmoja kutoka nyumba hii na mwingine kutoka ile. "Okota!"

Mtu wa reli akashuka mferejini na viatu vyake vya kazi, akaokota gunzi, akalipeleka shimoni, huku barabara nzima ikimtazama. Chanda alicheka mpaka munkoyo ukamwagika, kisha akajaza kikombe kingine na kumletea Germaine.