Hodi Kwenye Injini

Gari la Urvish lilikuwa linagonga, na lilikuwa linagonga kwa namna ambayo fundi Shomari hakuipenda.

Injini iliyokula beringi hufuata mguu wa dereva. Ukikanyaga mafuta, inagonga mbio, ukiachia, inapoa. Hii haikuwa na habari na mguu wa mtu. Ngo, ngo, ngo. Ikanyamaza. Ngo, ngo, ngo. Kanyaga mpaka moshi ujae gereji, hesabu ile ile.

"Kilomita laki nne hizo, bosi," alisema Shomari. "Itakuwa krenkshafti au beringi zake. Lilipita kwenye maji?"

"Lilikwama Jangwani, mafuriko yale," alijibu Urvish, muuza vitambaa wa Kariakoo. "Siku mbili hata paa halikuonekana. Tangu hapo mama hataki kulipanda, anasema linanuka."

Lilinuka kweli. Tope bichi, na juu ya tope, marashi ya waridi.

Sasa huyu Shomari alikuwa na sikio bwana, Ilala nzima wanalijua. Wenzake hufungua injini ndipo wajue. Yeye huweka ncha ya bisibisi kwenye chuma na mpini sikioni, akakwambia silinda ya ngapi ndiyo mbovu. Na siku hizi sikio lilipata kazi ya pili. Kila jioni alililaza kwenye tumbo la mkewe Kuruthumu, mimba ya miezi minane, baada ya miaka kumi na moja ya kungoja na kusemwa na mawifi.

Alichomoa waya za plagi, moja moja. Silinda mbovu ikikosa moto, kelele hupungua. Haikupungua. Akafungua sampu, bakuli la oili chini ya injini, oili ikamwagika, akapapasa: beringi zinang'aa, krenkshafti haina hata mkwaruzo. Kwa kilomita laki nne? Lucky, fundi mwenzake, alirudi nyuma hatua mbili.

"Kaka, funga hiyo kitu umrudishie mwenyewe."

"Acha uoga wako," alisema Shomari, lakini na yeye alikuwa anaogopa.

Akafunga, akatia oili, akawasha, akaweka bisibisi sikioni. Ndani kabisa, chini ya kule kugonga, sauti ya mwanamke ilisema hodi, ikangoja. Ikasema hodi tena, ikangoja. Mstaarabu hupiga hodi tatu, asipoitikiwa anaenda zake. Shomari angenyamaza tu, yangeisha. Ila mawazo yake yalikuwa kwenye beringi, na mtu aliyelelewa vizuri huitika kabla hajafikiri, kwa hiyo ilipokuja ya tatu mdomo wake ulisema, "Karibu."

Kelele ikakoma. Injini ikanguruma laini. Lucky, ambaye alisikia ile karibu tu, aliuliza polepole, "Unamkaribisha nani?"

Shomari alizima gari. Alinawa mikono akaenda nyumbani moja kwa moja.

Chumba kilinukia waridi. Kuruthumu alikuwa ameketi kitandani, mkono tumboni.

"Mwanao leo ana mambo," alisema kwa sauti ndogo. "Anapiga mara tatu, anatulia. Mara tatu, anatulia. Mume wangu, mtoto hachezi hivi."

Akainamisha sikio, na kabla halijagusa ngozi alishajua, maana harufu ya tope ilikuwa imempanda mpaka kooni, na alipolilaza akasikia ngo, ngo, ngo, chuma kwa chuma, na nyuma yake, mbali, moyo wa mwanawe ukipiga kwa haraka, mdogo, kama unatafuta pa kujificha.

Walimfuata Bi Zena, mganga, nyumba ya tatu kutoka kwao. Alisikiliza yote mpaka mwisho.

"Ulimkaribisha bila kumwonyesha pa kukaa, akachagua mwenyewe," alisema. "Mgeni wa namna hiyo hafukuzwi, baba. Anaonyeshwa mahali pengine. Chuma hakimshibishi, ila nyama akiikalia anaimaliza."

Shomari akamfikiria Lucky. Mungu amsamehe, alimfikiria kweli. Halafu akapiga magoti, akabana sikio kwenye tumbo la mkewe.

"Karibu huku," alinong'ona. "Kaa masikioni mwangu."

Tumbo likafurukuta ovyo, bila hesabu yoyote. Kuruthumu akalia kwa furaha.

Kuanzia wiki ile sauti zikaanza kumpotea masikioni. Kwanza ndege, kisha adhana, kisha injini. Alimficha mkewe jambo hilo, akawa anamtazama midomo na kuitika kwa kichwa. Usiku aliomba kitu kimoja tu: limbakie sikio la kusikia kilio cha kwanza.

Hospitali, nesi alimwekea mtoto mikononi. Wa kike, mzima, mzito. Uso mwekundu, mdomo wazi, ngumi zinatetemeka. Shomari akamtikisa kidogo, akamwinua mpaka shavuni, akamgeukia mkewe kwa hofu.

"Mbona halii?"

Wanawake wa vitanda vyote walikuwa wamegeuka kutazama mtoto anayepiga kelele namna ile. Kuruthumu alimwangalia mumewe, akaelewa, akamshika mkono.