Mwanaume Mwingine Alipanda Juu ya Paa Langu

Wasomaji wenzangu, nina miaka arobaini na sita, ni fundi wa mabati hapa Kamembe, mji wa mpakani, na ninaishi peke yangu. Msinione natembea sokoni mkadhani mimi ni mzima. Ndani ninaungua!

Mke wangu Zuhura alikuwa akikaanga sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, na kuwauza jioni mlangoni kwetu. Binti yetu Rukia alishaolewa huko Gitambi, kwa hiyo tulibaki wawili tu. Jiko letu ni chumba cha ndani chenye dirisha dogo. Moshi wa makaa na mvuke wa mafuta vilikosa pa kutokea, dari ikawa nyeusi, na Zuhura akaanza kukohoa. Aliniomba nimfungie feni ya kuvuta moshi, ile inayokaa juu ya paa. Nilishawafungia watu wengi, kwenye migahawa na kwenye nyumba za wakubwa kule Cyangugu karibu na ziwa. Kwangu je? Nilisema kesho. Kesho ikazaa kesho. Si wanasema mganga hajigangi?

Basi nikapata kazi ya kuezeka huko Rwimbogo, nikakaa huko siku kadhaa. Niliporudi, kabla sijafika mlangoni, niliona kitu kinang'aa juu ya bati langu... Feni! Inazunguka taratibu kama iko kwao.

Nilimuuliza Zuhura nani kaifunga. Akasema Djuma, na kwamba alimlipa sahani ya sambaza tu. Huyu Djuma ni fundi umeme kutoka ng'ambo ya mpaka, Bukavu, aliyepanga mtaani kwetu, rafiki yangu ambaye tumekula naye sahani moja miaka mingi.

Nilipaswa kufurahi, siyo? Badala yake nilichukua ngazi nikapanda kutafuta kosa. Wallahi nililitaka kosa! Nilitaka nishuke nimwambie mke wangu, njoo uone uchafu wa rafiki yako.

Sikuliona. Tundu lilikatwa kwenye nafasi kati ya ubao na ubao, hakuna hata ubao mmoja wa paa ulioguswa na msumeno. Ukingo wa juu wa bati la feni uliingizwa chini ya bati la paa ili maji yapite juu yake. Kila skrubu ilikuwa na mpira wake, na lami ilipakwa pande zote. Bomba lilitoka jikoni hadi nje kabisa, halikuachwa limwage moshi darini kama wavivu wanavyofanya. Waya wa ardhi ulikuwepo. Hata mlango wa jikoni aliukata kidogo chini, ili hewa safi iingie feni inapovuta. Jamani, mpaka mlango wangu!

Nikajiuliza, mtu hufanya kazi namna hii kwa mke wa rafiki yake? Kwa malipo ya sahani ya sambaza?

Halafu nikaiona swichi... Zuhura ni mfupi, na tangu ateguke bega, mkono wake wa kulia haupandi juu ya kifua. Swichi zote za nyumba hii zilifungwa juu, mahali mafundi wote huziweka, naye alizoea kujinyoosha kwa mkono wa kushoto. Hii ya feni ilikuwa chini, usawa wa kiuno, upande wa kulia, mbali na moto. Djuma alijuaje? Mwanaume anajuaje mkono wa mke wa mwenzake unafika wapi?

Nilimuuliza Zuhura kwa kelele mpaka majirani wakanyamaza. Yeye hakupandisha sauti.

"Papa Rukia, weye nilikuombaka miaka ngapi? Djuma nilimuambiaka mara moja tu."

"Na mukono? Alijua namna gani mambo ya mukono yako?"

"Aliniulizaka tu."

Asubuhi mvua ilikuwa imenyesha, paa limelowa. Nikapanda kuing'oa ile feni. Mimi ninayewakaripia wenzangu wasiozima umeme kwenye mita kabla ya kugusa waya... sikuzima! Hata ngazi sikuifunga. Wivu ulikuwa umenipofusha. Umeme ukanirusha, nikaporomoka hadi uani, mguu ukavunjika.

Na nani alinibeba? Djuma! Aliitwa mbio, akazima umeme, akanipandisha mgongoni hadi barabarani kutafuta taksi. Shati lake lilinuka mafuta ya sambaza, mafuta ya jikoni kwangu. Maumivu ya mguu niliyasahau.

"Kaza roho, kaka, hautakufa," alisema.

Nilitamani kumng'ata sikio.

Zuhura alinihudumia mpaka nikapona, sitamsingizia. Siku nilipotembea bila fimbo, aliniomba talaka mbele ya kaka yake. Alikiri kwamba moyo wake ulishahamia kwa Djuma. Tangu lini? Kabla ya feni, au baada ya zile kelele zangu? Hakusema, na swali hilo linanila mpaka leo. Kikulacho ki nguoni mwako, ndugu zangu! Talaka nilimpa, na eda ilipokwisha wakaoana, wakavuka kwenda kuishi Bukavu.

Juzi nilimwona Zuhura mpakani na beseni lake la sambaza. Amenenepa, anacheka na wenzake. Astaghfirullah... nilisimama pale nikingoja akohoe, walau mara moja! Hakukohoa.

Wanaume wenzangu, hasa ninyi mafundi, nawasihi. Mkeo akisema moshi unamuumiza, usimwambie kesho. Ngoja paa likauke, zima umeme, funga ngazi vizuri, upande wewe mwenyewe. Na kabla hujashika nyundo, muulize anataka iweje. Mimi sikuuliza, na sasa hakuna anayeniomba chochote.