Nafasi ya Kidole

Kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso vizuri, Chapuchapu aliteka maji kwenye pipa la mvua na kumwagilia minyanya ya bibi yake nyuma ya nyumba. Jina hilo alipewa na mjomba wake, kwa sababu alifanya kila kitu mbio, hata kupiga miayo. Mjomba alikuwa fundi wa mabati. Ndiye aliyetundika mlizamu ukingoni mwa paa ili mvua yote iteremkie pipani, na juzijuzi alikuwa ameupaka rangi ya kijani kwa madaha.

Jumamosi moja Chapuchapu aliikuta minyanya mitano imeinamisha vichwa kama wanafunzi waliosahau kazi ya nyumbani. Nyanya zake zilikuwa bado mbichi, majani ya juu yamenyauka.

Chapuchapu alijua sababu. Siku ya kuweka fito, Bibi alimpa shuka kuukuu achane vitambaa vya kufungia. "Uache nafasi ya kidole kati ya shina na kitambaa," alimwambia. "Mche nao hunenepa." Lakini kuchana shuka kulichosha, na nje wenzake walikuwa wakimwita wakaruke kamba. Akachomoa nyuzi za nailoni kwenye gunia, akaikaza ile mitano ya mwisho chini kabisa, akafunika mafundo kwa majani makavu.

Bibi alifika akiegemea mkongojo. Magoti yake yalikuwa yameacha kazi ya kuinama zamani.

"Hii nayo uliifunga kwa vitambaa, mjukuu wangu?"

"Ndiyo, Bibi." Neno lilimtoka mbio, kama mwenyewe.

Bibi akainua macho kwenye mlizamu. "Basi ni ile rangi. Nilisema, bati la kutupa maji halipambwi kama bibi harusi."

Mjomba alitokea, mswaki mdomoni. "Mama, rangi ilikauka kabla ya mvua. Na mbona mingine inakunywa maji hayohayo na haijambo?"

"Hata mafua hayatushiki wote siku moja. Limwagwe pipa."

"Mvua ndiyo imeshatuaga, Mama. Tutabeba ndoo kutoka bomba la mtaa wa pili mpaka tuote nundu."

"Nundu haiui. Chapuchapu, chomoa kizibo."

Chapuchapu akachuchumaa. Alimtazama mjomba wake, mtu asiyekosa mzaha hata akiumwa jino. Safari hii aliutazama tu mlizamu wake. Kizibo kikalegea, maji ya kwanza yakamlowesha vidole vya miguu. Akakisukuma kikarudi kwa kiganja kizima.

"Bibi, si maji. Ni mimi. Nilifunga kwa nailoni."

Mjomba akatema povu. "Kumbe adui tunakula naye sahani moja."

Bibi hakucheka. "Kalete kisu. Na lile shuka."

Uzi ulikuwa umezama kwenye shina kama pete kwenye kidole kilichovimba. "Ungekazwa wewe shingo hivyo," Bibi aliuliza, "chakula kingepita wapi?" Chapuchapu alikata nyuzi moja moja, akafunga upya kwa vitambaa, akipitisha kidole kila fundo. Kisha Bibi akamwelekeza apandishe udongo mpaka ufunike jeraha, ili shina lichipue mizizi mipya. Wenzake walipoita, aliwajibu, "Tangulieni," na jua likampata bado amepiga magoti.

Miche miwili ilikauka. Mitatu iliinua vichwa, na maji ya pipa yaliifikisha mpaka ikaiva. Nyanya ya kwanza Bibi alimpa Mjomba.

"Nilikuhukumu kabla ya kuinama kuangalia, mwanangu," alisema.

"Magoti ndiyo yalihukumu, Mama," Mjomba alijibu, akaing'ata nyanya hadi maji yakamchuruzika kidevuni.

Bibi akamgeukia Chapuchapu. "Fundo baya ningelisamehe palepale. Mche ukikosewa hufunguliwa, ukapewa udongo, ukajaribu tena. Lakini uongo wako ulitaka kumchafulia mjomba wako jina na kutuachia pipa tupu, na maji yakimwagika hayazoleki. Siku nyingine ukikosea, sema mapema, kizibo kikiwa bado mahali pake."