Tundu la Chini ya Ngazi

Haya yalimfika shoga yangu Kidawa, mwaka ule mchele ulipokuwa wa mgao. Nyumba yao ya Malindi ilikuwa kongwe, na panya wa stoo ya chini ya ngazi walimshinda. Paka aliwakimbia, mtego wakauruka, mchele wakaula, na watoto wa Kidawa wakawa wanalala na njaa.

"Bi Kazija, nnakufa na panya," alimlilia jirani yake.

"Ziba tundu lao la ukutani kwa saruji na vigae vya chupa, mwanangu. Panya hatafuni chupa."

Alasiri Kidawa akaingia stoo na kandili, maana mle giza halitoki. Kabla hajainama, panya wakatoka wote, wakubwa kwa wadogo, wakaupita mchele bila ya kuugusa, wakakimbilia uani. Kidawa akamshukuru Mungu, akaziba tundu, akakaa akisikiliza. Kimya.

Kisha ndani ya ukuta ukaanza mkwaruzo wa polepole, usio na haraka ya panya.

"Nani?" aliuliza.

Mkwaruzo ukakoma. Akasogeza kandili. Kwenye saruji mbichi, vigae vya chupa vilikuwa vikivutwa kwa ndani, kimoja kimoja.