Nyumba Saba Zisizokuwepo

Ukungu wa Julai kwetu Malindi, ile ya milimani, si ya pwani, ni mzito. Niliwahi kutundika koti langu juu yake asubuhi, nikalikuta palepale mchana.

Siku moja Secilia, karani wa kitongoji, alikaa jikoni na simu yake, yenye jedwali la majina, umri na namba za nyumba. Mablanketi ya msaada yangefika kesho. Kila nyumba yenye mzee au mtoto mdogo ingepata moja. Idadi ikizidi nyumba zilizopo, orodha inakataliwa, na sote tunabaki na baridi yetu.

Alihesabu wazee: ishirini na watatu. Watoto: thelathini na wanane. Akajumlisha.

"Fanueli," alimwita mumewe. "Kitongoji kina nyumba ngapi?"

"Hamsini na nne."

"Hapa zipo sitini na moja."

Fanueli akaacha kumenya viazi. "Saba zaidi. Yale maporomoko ya udongo ya zamani yalifukia nyumba ngapi?"

Zilikuwa saba. Nje, kitu kikagonga ukuta mara moja.

"Usihesabu tena," Fanueli alinong'ona. "Waliofukiwa wanaitika."

Mlango ukafunguka. Alikuwa jirani yao, Mwalimu Mbaraka, amekuja kuomba moto.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Mbona mmekauka kama mmeona maiti?"

"Tumewahesabu," alisema Fanueli.

Mwalimu akaichukua simu, akasoma orodha. "Secilia, nyumba ya Zainabu umeihesabu mara ngapi?"

"Mara moja."

"Angalia vizuri. Bibi yake yumo kwenye wazee. Mapacha wake wamo kwenye watoto. Nyumba moja, mistari mitatu."

"Kumbe nimehesabu watu."

"Na zinazotakiwa ni nyumba. Andika fomula moja yenye kazi tatu. Kwanza ichuje mistari ya wenye miaka sitini na kuendelea, au wasiofika mitano. Kisha ibakize kila namba ya nyumba mara moja tu. Mwisho ihesabu zilizobaki."

Secilia akaandika. Simu ikaonyesha arobaini na sita.

"Na kilichogonga ukuta?" Fanueli aliuliza.

"Hicho fomula haikihesabu," alijibu mwalimu.

Orodha ilikubaliwa. Kesho yake Secilia aliita namba za nyumba ukunguni. Nyuso hazikuonekana, sauti tu. Kila nyumba iliitika mara moja, ikachukua blanketi lake.

La arobaini na sita lilipokewa na mkono mkavu, wa baridi kama udongo. Secilia akashtuka.

Ulikuwa wangu, mimi mzee niliye hai bado, ila koti langu nilikuwa nimelitundika tena ukunguni.